Swali la Gidioni Juu ya Mto Ngosero

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, saa moja na nusu asubuhi, Gidioni Nkya alikuwa katikati ya daraja la Mto Ngosero, akimvuta ndama kwa kamba kwenda kumuuza sokoni Kwa Sadala. Mkewe, Eunike, alibaki nyuma ukingoni, upande wa nyumbani, amejitwika mkungu wa ndizi. Ndama huyo aligoma kutembea akisikia hatua za mtu nyuma yake, kwa hiyo Eunike alingoja wamalize kuvuka.

Daraja lilikuwa na umri wa wiki kumi na moja. Bunge lilipitisha matumizi yake Alhamisi jioni, wakati wa bajeti, na Ijumaa alfajiri watu wa Machame walioteremka kuchota maji walilikuta limesimama, zege tupu, na vyuma vya kushikia vimepakwa rangi ya kijani. Mkandarasi hakuonekana. Wazee walilikagua, wakasema vyuma ni vifupi kidogo, wakavuka. Kabla ya hapo, kufika barabara kuu kulikuwa ni kushuka korongo na kulipanda, na kila masika mto ulichukua mtu mmoja au wawili.

Gidioni alipofika katikati, mtendaji wa kijiji, Eliakim, alitokea ukingo wa pili akiwa na barua. Aliisoma kwa sauti, kama alivyoagizwa. Barua ilisema kwamba kutokana na hali ya uchumi na masharti ya wahisani, Rais amefuta matumizi ya daraja la Ngosero, kuanzia saa ya kusomwa kwa barua hiyo.

"Kwani Rais anaweza kufuta kitu kilichopitishwa na Bunge?" Gidioni aliuliza.

Hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa katibu wa kamati ya shule kwa miaka kumi na mmoja, na alizoea kuuliza panapostahili kuulizwa. Eliakim alijibu kwamba hilo halijui. Akakunja barua, na daraja likaondoka.

Ndama, ambaye hakuwa ameuliza chochote, alianguka. Walimsikia mpaka kwenye mawe. Gidioni alibaki amesimama palepale, hewani, kofia kichwani, akitazama kiganja kilichochubuliwa na kamba. Eunike alitua mkungu wa ndizi chini.

Siku hiyo walijaribu kumtoa. Vijana walimrushia kamba, akajifunga kiunoni, wakamvuta watu kumi na wawili, asisogee hata inchi. Alipoinua mguu, chini ya mguu ule hapakuwa na kitu, akaurudisha. Jioni walifunga kamba ya katani kutoka mti wa mgrevilia wa upande huu hadi mgrevilia wa upande ule, ikapita mbele ya kifua chake, wakaning'iniza ndoo juu yake. Kwa ndoo hiyo Eunike alimpelekea mtori wa ndizi, maji ya kunawa, blanketi na gazeti. Mambo mengine aliyamaliza hukohuko juu, na walioshuka mtoni walijifunza kupita pembeni.

Jumatatu Eunike aliteremka Moshi kwa wakili aliyeitwa Aminieli, mwenye ofisi Njoro nyuma ya duka la pembejeo. Aminieli alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba mumewe hakusimama hewani. Amesimama juu ya swali. Ikiwa Rais hana mamlaka ya kufuta, daraja lipo, na Gidioni atalivuka kwa miguu yake. Ikiwa anayo, daraja halipo tangu Jumamosi, na Gidioni ameshaanguka, ila hajaarifiwa.

"Basi twende mahakamani," Eunike alisema. "Waseme."

Serikali kwanza ilikana kwamba juu ya Mto Ngosero kuna mtu. Ikabidi mahakama ipande Machame. Jaji alisimama ukingoni na karani wake, Gidioni akamwamkia shikamoo, jaji akaitikia marahaba, na ikaandikwa kwamba mlalamikaji ameonekana, yu wima na ana adabu.

Mwezi wa kumi na mbili shauri lilianza kusikilizwa. Wakili wa serikali alikuwa kijana mtaratibu, mwenye sauti nzuri. Alisema Bunge linapopitisha matumizi linatoa ruhusa, halitoi amri. Aliyeruhusiwa kula halazimiki kula. Jaji aliandika, akatikisa kichwa kukubali. Eunike aliporudi nyumbani alimkuta Gidioni amezama hadi magotini. Eliakim alimwambia kwamba alianza kuzama saa nne na nusu, polepole, bila kupiga kelele.

Kesho yake Aminieli alijibu. Alisema matumizi yakishapitishwa ni sheria, Rais mwenyewe ameitia saini, na sheria haifutwi kwa barua. Kama ingekuwa inafutwa kwa barua, wabunge wangekuwa wanakutana kunywa chai. Mchana huo Gidioni alipanda hadi usawa wake wa kawaida, na kuuzidi kidogo.

Tangu siku hiyo Eunike aliacha kutaka hukumu. Alikwenda Njoro akamwomba Aminieli aombe ahirisho. Aminieli alimwambia kwamba kesi hii wanaweza kuishinda.

"Na tukishindwa?"

Aminieli alipanga karatasi zake, akaomba ahirisho. Januari karani alifiwa. Februari jaji alikwenda semina. Machi faili halikuonekana, na Jumapili Eunike alisimama kanisani akatoa shukrani, bila kutaja ni kwa ajili ya nini.

Masika ikaja. Mto ukachukua watu wawili, mjukuu wa Eliakim na mwanamke mmoja aliyekuwa anawahi zahanati, na Gidioni, aliyewaona kutoka juu, ndiye aliyeonyesha kwa mkono mahali miili ilipokwama. Mvua ilimnyeshea usiku na mchana. Miguu ilimvimba mpaka ikabidi achane viatu kwa wembe. Kunguru walizoea kutua mabegani mwake, na hakuwafukuza tena.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, Eunike alipokuwa akivuta kamba, alimwita.

"Mama Magreth, nimesoma kwamba ni upande wetu unaoahirisha."

"Nangoja wakati mzuri."

"Waache waamue."

"Wakisema anaweza, Baba Magreth?"

"Basi nitakuwa nimeanguka. Miguu inaniuma."

"Na mimi?"

"Wewe ukichoka unakaa," alisema.

Eunike aliivuta ndoo, akaondoka, na kwa siku tatu hakumpelekea gazeti. Alimpelekea mtori tu, wa moto kuliko kawaida. Siku ya nne, bila kumwambia mumewe aendako, Eunike, Gidioni akimtazama kutoka juu, alipita njia ya korongo amevaa nguo za kanisani. Alikwenda kumwambia Aminieli waache hukumu isomwe.

Ilisomwa mwezi wa saba, siku ya baridi kali. Jaji alisoma kwa dakika arobaini. Alisifu hoja za mawakili wote wawili. Alisema swali la Gidioni Nkya ni zito, ni la msingi kwa taifa, na kwamba yeye binafsi amekosa usingizi kwa ajili yake. Lakini mwaka wa fedha uliisha tarehe thelathini Juni. Matumizi yaliyopitishwa na ambayo hayakufanyika hadi siku hiyo yamekufa yenyewe kwa mujibu wa sheria, hivyo hakuna tena cha kufutwa wala cha kurudishwa. Mahakama haijibu maswali ya nadharia. Shauri likaondolewa.

Kwenye ngazi Eunike alimuuliza Aminieli nani ameshinda. Aminieli alisema hakuna. Akamuuliza kuhusu rufaa. Aminieli alisema rufaa hukatwa dhidi ya jibu, na wao hawakupewa jibu. Alimshika mkono wa pole, akarudi ndani kwa kesi nyingine.

Eunike alifika ukingoni jua likiwa bado lipo. Njiani alikuwa amefikiria kumdanganya Gidioni, ila hakujua uongo gani ungemfaa.

"Wamesema nini?" Gidioni aliuliza.

"Wamesema swali lako halihitaji tena kujibiwa."

"Kwa hiyo siwezi kuvuka."

"Huwezi."

"Na kuanguka?"

"Nako huwezi."

Gidioni aliuliza kama jaji alikuwa mzima. Eunike alisema alikuwa na mafua kidogo.

Miaka ikapita. Binti yao Magreth aliolewa, na msafara wa harusi ulisimama ukingoni ili baba aone gauni. Eunike alijifunza kulala upande mmoja wa kitanda na kuamka bila kuutazama upande wa pili. Uchaguzi ulipofika, mgombea ubunge alihutubia palepale korongoni, akaahidi daraja. Watu walipiga makofi, Gidioni naye akapiga. Sanduku la kura lilipelekwa kwake kwa kamba.

Mbunge alitimiza ahadi. Bunge lilipitisha matumizi ya daraja la Ngosero siku ya Jumanne, na Jumatano alfajiri watu waliteremka kwenda kulitazama. Halikuwepo. Wapimaji walitumwa kuchunguza sababu. Walifunga vyombo vyao ukingoni, wakapima siku nzima, wakaandika kwamba mahali panafaa kabisa, isipokuwa pana kizuizi.

Baada ya wiki mbili Eliakim alimletea Eunike barua. Ilimtaka, kama mwenye kizuizi, akiondoe ndani ya siku thelathini, la sivyo matumizi ya daraja yatafutwa. Eunike aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaiweka ndani ya ndoo, kando ya bakuli la mtori, akavuta kamba.

Gidioni alipangusa vidole kwenye suruali, akaichukua barua, akaisoma. Aliigeuza nyuma, akaona kwamba nyuma hakuna maandishi, akaigeuza tena. Eunike alisimama ukingoni, ameshika kamba kwa mikono miwili, akingoja aulize swali lake lile.

Gidioni aliomba kalamu. Alipoletewa, alitia saini chini, mahali pa kuonyesha kwamba ameipokea, akaiweka barua kwenye ndoo, akaanza kula.