Bukta Mchana Kweupe

Majira ya baridi, timu ya mabibi wa mtaa wa Phola ilicheza mpira alfajiri, moshi wa majiko ya makaa ya mawe ungali umelala uwanjani. Waliuita pazia lao. Ndani yake mwanamke wa miaka sabini angeweza kuvaa bukta na kufukuzia mpira bila wanaume kuyaona mapaja yake.

Asubuhi moja MaSkhosana, mshambuliaji wao, alipiga magoti ghafla katikati ya mazoezi, kifua kikilia filimbi.

"Inuka, mama! Umedondosha meno?" MaMtsweni alimtania kutoka golini. Alipoona hainuki, alikuja mbio.

Kliniki, muuguzi hakuzunguka mbuyu. "Bibi, alfajiri baridi huukandamiza moshi chini, nawe ukikimbia unaumeza kwa pupa. Cheza mchana, jua likishaupandisha. Au uache."

"Basi nimeacha," MaSkhosana alimwambia MaMtsweni njiani kurudi. "Nani atakubali mchana? Wewe mwenyewe uliapa utazikwa kabla shemeji zako hawajaona magoti yako."

"Niliapa," MaMtsweni alisema.

Jumamosi, jua la utosi, MaSkhosana alikuwa kibarazani akikata boga aliposikia miluzi ya vijana waosha magari. Akainua kichwa. Katikati ya barabara alikuwa MaMtsweni, glavu mikononi, bukta ya manjano, miguu myembamba kama ya korongo. Hakukimbia. Alitembea kama apelekaye sadaka kanisani.

"Bibi, umesahau sketi!"

"Sijasahau, mjukuu. Nimemwachia babu yako aifue!"

Vijana wakaangua kicheko, wakimcheka mwenzao sasa. Lakini MaSkhosana aliziona glavu zikiivuta bukta ishuke magotini. Miaka yote hiyo hakuwahi kumjua mtu mwenye haya kuliko huyu, na leo amezivua haya zake barabarani kwa ajili ya pumzi isiyo yake.

"Nikikaa golini, nani atanipigia mpira?" MaMtsweni aliuliza alipofika kwenye lango la nyumba. "Vaa. Ukichelewa narudia barabara nzima, mara hii naimba."

MaSkhosana aliingia ndani. Alipotoka, bukta yake ilikuwa na makunyanzi na kifua bado kilikwaruza.

"Twende taratibu basi."

"Taratibu," MaMtsweni alikubali, akahamia upande wa waosha magari ili mwenzake apite kando ya ukuta.