Vibuyu vya Majigambo

Katika nchi ya Majigambo, yenye jua kali na kivuli haba, watu walipenda mpira wa kurushwa kwa mkono: mrushaji huuvurumisha mbali, na mdakaji hukimbia akaudaka kabla haujagusa mchanga. Lakini walipenda zaidi kulinganisha. Kila msimu ulipokaribia, wadakaji wawili waliwekewa vibuyu viwili mlangoni pa uwanja, na kila mpitaji akainama, akatia kinywa kwenye kibuyu cha ampendaye, akapiga ukelele wa sifa, kisha kizibo kikarudishwa upesi. Siku ya hukumu vikapimwa. Mwenye kizito alipewa msimu. Mwenye chepesi, jina lake lilinong'onezwa humo humo likafungiwa, na tangu hapo hapakuwa na ulimi uliolipata tena.

Makini, mmoja wa wadakaji wa mwaka huo, aliijua vyema adhabu hiyo, kwani ilikwishampata kaka yake. Kila siku mama yao, Bi Stahamala, alipotaka kumwita kaka huyo ale, ulimi wake ulitafuta ukakuta pengo.

"We... wewe baba, njoo."

Na yule kaka hakuja, maana hakujua kama ndiye aitwaye.

"Mama, na mimi je, ukinisahau?" Makini aliuliza. "Nenda ukanisifu, japo mara moja. Wenzio wote wanakwenda."

"Sitii mdomo wangu kwenye shimo lililommeza mwanangu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Siku ya hukumu ikafika, jua la utosini. Mpinzani wa Makini, Mbwembwe, aliingia akicheza mabega.

"Ndugu yangu Makini, umeshaliaga jina lako? Kibuyu changu kimebebwa na wanaume wanne!"

"Kimebebwa, naam. Hakijadaka."

Wachache wakacheka, wakajizuia. Mwenye Mizani, Mheshimiwa Kadirio bin Dhana, ambaye umri wake wote hajatazama mpira ukirushwa, aliviweka vibuyu kwenye vitanga. Kitanga cha Makini kikapaa. Makini akalihisi jina lake likilegea ndani yake, kama jino la utotoni.

"Mheshimiwa," alisema, "kabla hujalinong'oneza jina langu, nifungulie niwasikie walionisifu. Angalau niende nao."

"Haijapata kutokea. Ada ni ada."

"Fungua, mheshimiwa!" Mbwembwe akadakia. "Tena changu kwanza! Watu wasikie ninavyopendwa!"

Umati ukapokea: fungua, fungua! Kizibo kikatoka, na katika joto lile ukapita ubaridi wa kisimani. Sauti zikatoka zikipandana, hazina vinywa: "Mimi nilisema! Mimi ndiye niliyejua! Niulizeni mimi! Mimi, mimi, mimi..."

Mbwembwe akatega sikio. "Na mimi je? Nimo wapi humo?"

Hakuwamo. Kikafunguliwa cha Makini. Maneno yale yale, ila waliosema walikuwa wachache. Sauti zikazunguka juu ya vichwa kama popo waliokurupushwa mchana, zikaelekea vilimani, na hakuna hata moja iliyomrudia mwenyewe. Kadirio akafungua kinywa atoe hukumu. Yakaonekana meno tu. Uwanja mzima ulikuwa vinywa wazi, na kimya. Juu ya ulingo wa uwanja, vibuyu vya misimu iliyopita, vilivyofungiwa majina, vikaanza kupasuka, kimoja baada ya kimoja.

Mrushaji, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkataza, akaurusha mpira. Makini na Mbwembwe wakatimka. Na watu wa Majigambo, kwa kukosa la kusema, wakatazama. Ndipo waliposikia, kwa mara ya kwanza, kwamba miguu inayokimbia ina mlio.

Mpira ungali angani, sauti moja ilitoka pembeni mwa uwanja, ya kinywa ambacho hakikuwahi kuingia kibuyuni. Ilitetemeka, kama mtu apapasaye mlango gizani.

"Fa... Faraji."

Makini akasimama. Mpira ukaanguka mchangani karibu naye, wala hapakuwa na wa kumlaumu. Kule pembeni kaka yake aliinua kichwa, akageuka.

"Faraji, mwanangu," alisema Bi Stahamala, "njoo ule."

Naye akaja.