Nimeelewa, Mwalimu

Kwetu mtoto mwenye adabu akiulizwa kama ameelewa, anajibu ameelewa. Mengine atayajua mbele ya safari. Kwa adabu hiyo nilisoma mpaka nikapata nafasi ng'ambo, kujifunza kutengeneza miguu bandia, na kwa adabu hiyohiyo nusura nirudishwe.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye sinki pana na vumbi jeupe lililotuingia hadi kwenye nyusi. Mwalimu wetu, mama wa miraba minne, aliongea kama anayekimbizwa. "Umeelewa?" ananiuliza. "Nimeelewa, mwalimu." Hata robo yake sikuielewa. Jioni nalia chumbani, asubuhi naelewa tena.

Plasta yangu ya kwanza ya kuchukua umbo la mguu ilipasuka. Ya pili ikatoka imepinda. Mwalimu alikunja uso, akaniambia bila kuzunguka, "Ya leo ikiharibika, utaacha karakana. Siwezi kukuachia miguu ya watu."

Ukoo mzima ulinisindikiza uwanja wa ndege. Shangazi alinunua hadi viatu vipya kwa ajili ya kuja kulia. Ningerudi na uso gani?

Siku hiyo akaletwa mzee mmoja, dereva mstaafu aliyekatwa mguu chini ya goti. Alikaa, akanyoosha kigutu chake, akanitazama kwa imani ambayo sikuistahili. Plasta ile ndiyo ingetoa umbo la mguu wake mpya. Nikikosea, kila hatua ingemuuma.

"Unajua pa kubonyeza wakati plasta inakauka?" mwalimu akauliza nilipomaliza kukizungushia kigutu plasta mbichi. "Umeelewa?"

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Nikautazama ule mguu. Kumdanganya mwalimu nilishazoea, lakini huyu mzee alinikosea nini?

"Sijaelewa," nikasema. "Tangu siku ya kwanza sijaelewa." Machozi yakanitoka palepale, mbele ya darasa zima.

"Sasa mbona husemi? Mimi nikajua wewe mvivu tu!" Mwalimu akavuta kigoda, akashika vidole gumba vyangu na kuvikandamiza chini ya goti la mzee, pande zote mbili za mshipa mgumu ulio hapo. Safari hii aliongea polepole. "Hapa. Usilegeze mpaka ikauke. Na umuulize yeye kama inauma."

"Niulize, binti," mzee akadakia. "Mwenye mguu si nipo?"

Tukacheka, nami nikiwa bado na kamasi. Nilimuuliza mpaka akachoka kujibu. Plasta ikatoka safi, na mwalimu akaipanga rafuni pamoja na za wenzangu. Akaniambia kesho niwahi.

Jioni mama akapiga simu. "Umeshazoea huko, mwanangu?"

Mdomo ulitaka kujijibia wenyewe. Nikauzuia. "Bado, mama. Nawakumbuka mno."

"Afadhali wewe umesema," akaniambia. "Mimi hapa kila anayeniuliza namwambia nimezoea."