Chumba Kisichopumua

Komeo lililia, ka! Moyo wa Mama Vitabu ukaruka nalo.

Alijua kosa lake kabla Fundi hajageuka. Kibao kinachozuia mlango wa chumba cha barafu usijifunge kilikuwa nje, pale alipokisukuma kwa mguu. Mwalimu wake wa darasa la jioni chuoni alisema mlango ukiachwa wazi baridi inatoka na umeme unapotea. Naye, mwanafunzi mtiifu mwenye wajukuu, akatii.

"Kibao kiko wapi?" Fundi aliuliza.

"Nje."

"Nje! Mama Vitabu, hapa hatufungi mlango tukiwa ndani sote. Si nilikuambia siku ya kwanza?"

"Uliniambia, baba."

Fundi alikuwa na umri wa kifungua mimba wa Mama Vitabu, lakini ndiye aliyekabidhiwa kumfundisha katika mafunzo yake ya vitendo. Jina la Mama Vitabu alimbandika yeye. Na juzi tu alikuwa amemwonya: "Vitabu havishiki spana. Kosa moja tena, nakurudisha chuoni ukachore mafriji."

Fundi alibonyeza kitufe cha ndani. Komeo likaachia. Mlango haukutikisika. Akausukuma kwa bega, kisha wakausukuma wote wawili mpaka viatu vikateleza sakafuni. Walikuwa kama wanaosukuma mlima.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Wenzao walikwisha kwenda makwao hadi Jumatatu, mlinzi alikuwa getini mbali, na kompresa zilinguruma kiasi kwamba hata tarumbeta ya siku ya mwisho isingesikika. Simu walikuwa wameziacha mezani, nje. Feni zilipuliza bila huruma, na maboksi ya samaki yalijipanga ukutani, kimya, kama majirani wasiotaka kutoa ushahidi.

Fundi akaanza kukohoa. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni, na kazini wote walijua kwamba huingia humu na kutoka upesi. Sasa kila pumzi ilitoka na mluzi.

Mama Vitabu aliomba macho wazi, maana kope zilikuwa zinashikana. Mungu wangu, ulinisubiri nikilea, ukanipeleka darasani nikiwa na mvi. Usinilaze humu na mtoto wa mwanamke mwenzangu.

Midomo yake ilikuwa ikicheza, Fundi akaiona. "Muulize basi huyo Mungu wako kama ana bisibisi."

"Ameshakupa wewe. Iko mfukoni mwako."

Fundi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Ya nini? Komeo limeachia. Hakuna cha kufungua."

Maneno hayo yakamshika Mama Vitabu. Komeo limeachia. Basi mlango umeshikwa na nini? Akauona ubao wa darasani, na chaki ya mwalimu ikipita juu yake.

"Asubuhi nzima mlango ulikuwa wazi tukibadilisha mpira wake wa ukingoni," alisema. "Hewa ya joto imejaa humu. Sasa inapoa, na hewa ikipoa husinyaa. Mlango haujafungwa, Fundi. Umenyonywa kwa ndani."

"Mbona siku zote haunyonywi?"

"Mpira wa zamani ulikuwa umechakaa, unavujisha. Huu mpya umebana." Meno yalimgongana. "Darasani tulichora kitundu cha ukutani, cha kupumulia chumba. Nilipata alama zote. Lakini kwa macho sijakiona hata siku moja. Hapa kiko wapi?"

Fundi alinyoosha kidole ukutani.

"Nyuma ya maboksi ya pembeni," alisema. "Kilikuwa kinapiga mluzi, kinaingiza joto. Nikakiziba kwa tambara."

Wakatazamana. Mmoja alikuwa amefunga mlango kwa kusikiliza darasa, mwingine amekiziba chumba pua kwa kusikiliza kazi. Hakukuwa na wa kumcheka mwenzake.

Mama Vitabu aliyavuta maboksi peke yake, kwa kuwa Fundi alikuwa amekaa chini. Kitundu kikaonekana, kimevimba barafu, tambara limekuwa jiwe. Akachukua bisibisi ya Fundi, akaanza kuichoma barafu.

"Si katikati!" Fundi alisema huku akihema. "Utavunja kifuniko, kitaziba moja kwa moja. Zunguka ukingoni. Taratibu, kama unamenya yai."

"Vidole sivisikii, mwanangu."

Fundi alijikokota, akaifunika mikono ya Mama Vitabu kwa mikono yake, na bisibisi ikaenda kwa mikono minne. Barafu ikamenyeka vipande vipande. Tambara likachomoka.

Chumba kilivuta pumzi. Mluzi mrefu uliingia kutoka nje, ukawa mwembamba, ukaisha. Mama Vitabu aliweka kiganja kimoja mlangoni na kusukuma. Mlango ukafunguka kama wa kabati.

Walikaa juani, migongo ukutani, mpaka kifua cha Fundi kikatulia.

"Unanirudisha chuoni?" Mama Vitabu aliuliza hatimaye.

"Utarudi Jumatatu jioni, kama kawaida yako. Ukamuulize mwalimu kile kitundu kinazuiwaje kuganda. Jumanne asubuhi uje unieleze. Polepole, lakini. Mimi si Mama Vitabu."

Nyuma yao mlango ulikuwa wazi na samaki walikuwa wanaanza kutoa jasho.

"Kafunge," Fundi alisema.

"Kafunge wewe, baba."

Hakuna aliyeinuka. Mwishowe waliinuka wote wawili, Mama Vitabu amekumbatia kibao kama mtoto mchanga.