Katoni Namba Kumi na Saba

Siku walipomzika Muindi hapo Kyuso, mamake hakulia. Alingoja mchungaji amalize, askari wakunje bendera, kisha akamwendea ofisa aliyeleta mwili na kumuuliza swali moja tu.

"Kile kipuri kilikwama wapi?"

Swali hilo lilikuwa na mwanzo wake. Muindi alikuwa mlinzi wa amani katika nchi ya mbali, na wiki mbili kabla ya kufa alimpigia mamake simu akicheka. "Mwaitu, ambulensi yetu imelala. Giaboksi imekufa. Mpya inakuja na ndege ya Alhamisi, pamoja na kale kamzigo kako." Ndege ya Alhamisi ikaja bila giaboksi. Ya Alhamisi iliyofuata pia. Jumamosi lori la maji likabingirika, Muindi akiwa ndani. Alivuja damu kwenye mchanga kwa saa tano, wenzake wakihangaika kutafuta gari la kumfikisha kwa daktari.

"Mzigo ulishushwa kwa ukaguzi, mama," ofisa alisema. "Mimi najua hayo tu."

Mbula, mamake Muindi, alikuwa na diploma ya ununuzi na ugavi, na miaka ishirini ya kusimamia stoo ya ndengu ya ushirika. Alijua kwamba mzigo haukwami wenyewe. Kuna mtu alizembea, au kuna mtu alidanganya. Waombolezaji walipoondoka alimwambia Wavinya, mjane wa Muindi, "Huyo mtu nitamjua. Na nitamwambia usoni kwamba ameniulia mtoto."

Tangu hapo Wavinya akawa anauliza kila asubuhi kabla hata ya kuwasha moto: "Wamepiga simu?"

Mbula aliandikia jeshi barua nne. Mwezi wa tatu baada ya mazishi akaja mtu wa kitengo cha usafirishaji, Sajenti Gathua, mpole, viatu vimeng'aa licha ya vumbi lote la Kyuso. Kwapani alikuwa na katoni iliyobandikwa vibandiko kila upande. Katikati yake kulikuwa na mwandiko wa Mbula mwenyewe.

"Mama Muindi, hii ni mali yako. Imerudi."

Wavinya aliipokea, akaenda nayo nje kivulini. Mbula hakuitazama.

"Sikuitisha katoni. Niliitisha maelezo."

Gathua akavuta kikombe cha chai karibu, akaanza kuchora mezani kwa kidole. "Mizigo ikitoka Nairobi inaenda kituo kikubwa huko jangwani. Majeshi ya nchi nyingi yanakusanya vitu hapo. Matairi, blanketi, dawa, barua. Vinapangwa juu ya bamba moja la chuma, vinafungwa wavu mmoja, vinapimwa. Kuanzia hapo hakuna tena katoni yako na yangu, mama. Bamba lote ni mzigo mmoja."

"Na katoni moja ikiwa na shida?"

"Bamba lote linashuka. Haliguswi mpaka maabara iseme."

"Hili lilikaa siku ngapi?"

"Kumi na tisa. Mashine ilionyesha poda."

"Poda ya nani?"

Gathua alisogeza kikombe kando. "Mama, karatasi ninayo kwa sababu uliandika barua nne. Ungeniuliza mimi, ningekushauri uiache."

"Sikukuuliza. Lete."

Aliisoma kama alivyosoma hati za stoo, mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Katoni namba kumi na sita: giaboksi ya ambulensi. Katoni namba kumi na saba: ndengu, ndani kuna poda ya kijivu isiyotajwa kwenye fomu. Matokeo ya maabara: majivu ya kuni.

Kidole kikabaki hapo.

Muindi alikuwa amechoka na vyakula vya mkebe, akaomba ndengu za nyumbani. Mbula alizichambua mawe, akazianika, kisha akazichanganya na majivu ya jikoni wadudu wasiziingie, kama mama mkwe wake alivyomfundisha. Kambini Nairobi fomu iliuliza kama mna unga, poda au kemikali. Aliweka alama kwenye "Hapana" bila kufikiri mara mbili. Majivu ni majivu. Karani alipomuuliza kama ana hakika, alimjibu, "Kwani unadhani nampelekea mtoto wangu sumu?" Wakacheka wote wawili.

"Hakuna mtu angejua, mama," Gathua alisema.

"Fomu iliuliza. Iliuliza waziwazi."

Sajenti alipoondoka, Mbula alitoka nje. Wavinya alikuwa ameikata katoni kwa kisu na kuzamisha mkono ndani ya ndengu, akizipitisha vidoleni.

"Hakuna hata mdudu mmoja," alisema, akakaribia kutabasamu. "Zimezunguka dunia yote na bado ni nzima." Kisha akainua macho. "Amekwambia? Ni nani?"

Kumjibu "bado" kungetosha. Wavinya angeuliza tena kesho, na kesho kutwa, halafu siku moja angechoka kuuliza. Lakini Mbula hakuwahi kumficha mtu jambo, na hakujua kuficha huanzia wapi. Akasema yote, kutoka fomu mpaka maabara, kwa sentensi fupi, amesimama wima.

Wavinya alitoa mkono polepole kwenye ndengu. Ulikuwa wa kijivu hadi kwenye kifundo. Akaupangusa kwa leso, akautazama, akaupangusa tena. Akaenda kwenye mtungi, akanawa na kusugua hata maji yakaisha. Ndipo akachukua simu na kumpigia kaka yake kwao Nunguni.

"Njoo unichukue," alisema. "Hapana, si kesho. Leo."

Mbula hakumwomba abaki. Angemwombaje? Aliinama, akakunja mdomo wa katoni kwa mazoea, akaibeba mpaka mlangoni. Hapo akasimama nayo kifuani. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na mahali pake, lakini hiyo hakujua aiweke wapi.