Swali la Asubuhi kwa Mfalme Artamena

Sisi Waajemi mambo mazito tunayaamua tukiwa tumelewa. Wageni hutucheka, na wacheke. Asubuhi vichwa vikishatulia, mwenye nyumba huwauliza walewale: mliyoyaamua jana, mnayathibitisha? Wakikataa, yeye hutamka, "Limefutwa," na jambo limekwisha. Kabla ya swali hilo, hakuna amri ya mvinyo inayotekelezwa.

Siku ile mwenye nyumba nilikuwa mimi, Raushaka. Mfalme Artamena alikuja kwangu na jemadari wake Ushtana, ambaye mama yake ndiye aliyemnyonyesha mfalme. Walikua kwenye paja moja. Tulikula kondoo, tukanywa tangu mchana, na jua lilipoanza kushuka mfalme akatangaza vita: tuvuke milima tukawapige Waelamu, theluji iwepo isiwepo. Wote tukashangilia, na mimi mjinga nikiwemo.

Ushtana peke yake hakushangilia; alijimiminia kikombe kingine, akakimaliza.

"Vijana wangu hawana viatu," alisema. "Baridi itawamaliza kabla hawajamwona Mwelamu hata mmoja."

"Umezeeka, Ushtana," mfalme alisema, nasi tukacheka. "Siku hizi unaogopa hata upepo."

"Mimi? Pale mtoni nani alikubeba mgongoni, ukilia kama mtoto?"

Vicheko vikakatika. Laiti angeishia hapo! Lakini mvinyo ulishamfungua mdomo.

"Na hilo kovu unalowaringishia mabalozi, waambie basi ukweli. Uliangukia mkuki wako mwenyewe!"

Mfalme alisimama, akayumba, akashika nguzo. "Mkamateni! Auawe!"

Walinzi hawakusogea, na walifanya sawa. Ushtana akacheka.

"Kalale kwanza, ndugu yangu. Asubuhi utaulizwa."

Akampa mgongo, akaketi, akamega mkate. Aliiamini desturi yetu, na zaidi ya desturi alimwamini yule mtu.

Mfalme alimpokonya mlinzi mkuki, akamchoma Ushtana mgongoni.

Alikufa palepale kwenye zulia langu, mkate ungali mkononi. Mfalme alimwangukia, akamkumbatia, akalia mpaka usingizi ukamchukua akiwa vilevile. Niliwachukia wale walinzi. Nilijichukia zaidi mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu kuliko wote na sikunyoosha hata mkono.

Asubuhi tuliketi tena mahali palepale. Maiti ilikuwa imeshapelekwa kwa mama yake. Mfalme alikuwa amenawa uso, lakini damu ilikuwa bado imeganda kwenye kucha zake. Hakuna aliyetaka nifungue mdomo, ila kazi ilikuwa yangu.

"Jana mliamua vita na Waelamu. Mnathibitisha?"

"Hapana," mfalme alisema taratibu. "Vijana hawana viatu."

"Limefutwa."

Nikainuka niondoke. Mfalme akanishika vazi.

"Kuna lingine, Raushaka. Niulize."

"Bwana wangu, nakuomba, usinitwike hilo."

"Niulize!"

Nikaketi tena. "Jana uliamuru Ushtana auawe. Unathibitisha?"

"Hapana. Hapana, sithibitishi. Haya, tamka."

Nilimtazama, mfalme wangu, asiye na tone la mvinyo kichwani, na nikamhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu yeyote.

"Limefutwa," nikasema.

Akashusha pumzi. Kisha akageuka, akautazama mlango, akangoja.