Betri Iliyokataa Kuonjwa

Kaka yangu ana desturi moja mbovu: betri yoyote ikimfikia, lazima aionje. Hulaza spana juu ya vichwa viwili vya betri, cheche ziruke, kisha atoe hukumu. Miaka thelathini ya ufundi wa magari, hakuna mteja aliyewahi kumpinga. Mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, ndiye wa kwanza.

Ninaishi ndani ya gari. Lina kitanda, jiko na cherehani ya umeme, na sare za shule nazishonea humo humo, popote kazi ilipo. Tangu niachike, kaka anataka niliuze nihamie chumba chake cha uani, eti nitulie. Betri zangu mbili za maji zilipokufa, alifurahi waziwazi. Nikanunua ya lithiamu. Akasema huo ni wehu, na mbele ya wifi yangu tukaahidiana: ikishindwa kuendesha cherehani, gari linauzwa.

Siku ya kuifunga nilikuwa nimejikunja chini ya kitanda, nikikaza waya wa mwisho, alipoingia na spana. Sijafungua mdomo, keshaionja. Cheche moja, kisha kimya. Taa zikazimika, feni ikasimama. Akabonyeza swichi mara tatu, akampigia simu mnunuzi wa gari, ambaye alikuwa ameshamtafuta.

"Nilikuambia," alisema. "Ya maji ningeifufua. Hii imekufa."

Lakini kijitabu cha betri hiyo nilikuwa nimekisoma chote, kitu ambacho kaka hajawahi kufanya maishani mwake. Betri hii ina mlinzi ndani: ukiichokoza hivyo, inajifunga yenyewe isiungue. Haikufa, ilinuna tu. Inataka ipewe chaji kidogo ndipo ifunguke.

Mnunuzi alifika, akaanza kuyapiga matairi mateke kama mwenye mali. Sikumsalimia. Niliunganisha nyaya za paneli ya sola iliyo juu ya paa, nikasubiri. Feni ikazunguka. Nikaketi kwenye cherehani, nikashona kola nzima wakinitazama, kisha nikamwambia mnunuzi arudi alikotoka.

Kaka alibaki mlangoni. Safari hii alizungumza kwa upole.

"Mdogo wangu, naogopa. Siku moja utakwama huko njiani, peke yako."

Nilimhurumia, na hasira haikuisha.

"Nikikwama, kaka, nitakuwa nimekwamia nyumbani kwangu."